Viza ya Kwenda Lalibela

Tangu tuliporudi kutoka Ethiopia wengi wenu mmetuomba tuwasimulie habari za Lalibela, mji wenye makanisa yaliyochongwa ndani ya mwamba. Tumekawia kuwajibu, kwa kuwa mwanzo wa safari ile hautuletei sifa. Lakini siku hizi vijana waliomaliza masomo, na hata wazazi wao, hutujia na simu mkononi wakiuliza jinsi ya kuomba viza ya utalii kwa njia ya intaneti, nasi hatuwezi kuwafundisha vema tukificha kile kilichotufundisha sisi. Basi tutasema yote.

Tulisafiri watu watatu. Wa kwanza ni Baba Katekista wa parokia yetu ya Lubumbashi, mzee aliyekuwa na miaka 68 wakati ule. Wa pili ni mwalimu wa hesabu wa shule yetu, na wa tatu ni sisi tuandikao. Mwaka 2017, ilipokaribia jubilei ya miaka 40 ya Baba Katekista katika kufundisha dini, wakristu walimwuliza ni zawadi gani itakayompendeza. Wengi walidhani ataomba mabati, kwani paa lake lilivuja na kila mtu alijua. Yeye akasimama mbele ya baraza la parokia, akasema: "Nilipokuwa mtoto wa shule, Furere mmoja alituonyesha picha ya kanisa la Mtakatifu Jorji kule Habeshi. Alisema watu weusi walilichonga kwa patasi, toka juu hata chini, ndani ya jiwe moja. Usiku ule sikulala. Nataka kuliona kabla sijafa."

Watu walicheka kwanza, kisha wakanyamaza, kisha wakaanza kuchanga. Wamama wa soko walileta noti za franka 500 zilizofungwa katika pindo la kitenge. Waimbaji waliuza makaa. Sisi walimu wawili tulikuwa na likelemba yetu ya miaka mitatu, tuliyoikusudia kwa mambo mengine, tukakubaliana kumsindikiza mzee kwa fedha yetu wenyewe. Twayataja haya ili msomaji ajue kwamba katika mfuko wa Baba Katekista kila dola ilikuwa na jina la mtu.

Pasi ndiyo iliyotangulia kuumeza mfuko huo. Pasi za Kongo za namna mpya, zilizoanza kutolewa mwaka 2015, zililipiwa dola 185 za Marekani. Bei ilishuka hadi dola 99 mwaka 2020 tu, sisi tulipokuwa tumekwisha kwenda na kurudi. Siku Baba alipoipokea pasi yake aliifunua kwa mikono miwili, kama afunuavyo kitabu cha Injili, akasoma majina yake moja moja kwa sauti.

Halafu ikabaki viza. Kwa desturi ya zamani, mtu wa Katanga aliyetaka viza ya nchi kama Ethiopia hakuwa na budi kupeleka pasi yake ubalozini Kinshasa, umbali wa kilomita zaidi ya 1500 kwa ndege. Ama alikwenda mwenyewe, ama aliikabidhi kwa msafiri mwingine na kukaa akiomba isipotee. Tulikuwa tumekwisha kumtafuta msafiri wa namna hiyo, tuliposikia kwamba mwezi wa Juni 2018 serikali ya Ethiopia imefungua njia nyingine: mgeni wa utalii ataomba akiwa kwake, kwa kompyuta au kwa simu, na jibu litamfikia kwa barua pepe. Tulifurahi mno. Mwalimu wa hesabu akasema ubalozi sasa umehamia Lubumbashi, tena unafunguliwa usiku na mchana.

Wengi hawafahamu viza hiyo ni kitu gani. Si karatasi ya kubandikwa katika pasi, wala si muhuri. Ni idhini iliyoandikwa katika mashini za serikali ya nchi ile, pamoja na jina lako, namba ya pasi yako na siku utakayofika. Karatasi uichapishayo na kuishika mkononi ni shahidi tu. Afisa wa mpakani aziangalia zote tatu: pasi, karatasi na mashini yake, naye ataka zote tatu ziseme neno moja.

Jumatatu tarehe 30 Julai tulikwenda kwenye kituo cha intaneti karibu na soko. Kijana mwenye kukitunza alituandikia maneno "viza Ethiopia", mara ukatokea ukurasa mzuri wenye bendera na picha ya simba, ukituomba dola 130 kwa kila mtu. Tulikuwa karibu kukubali. Mwanafunzi mmoja wa darasa la sita, aliyeketi nyuma yetu, akasema kwa adabu: "Mwalimu, tazameni mwisho wa anwani." Tukatazama: ukurasa ule ulikuwa wa wafanya biashara tu, ambao huchukua maneno yako, huyapeleka kwa serikali, na kukutoza zaidi ya mara mbili, na wako wengine wasioyapeleka popote. Anwani ya serikali ya Ethiopia humalizika kwa gov.et, herufi za kwanza zikiwa alama ya serikali na za mwisho alama ya nchi. Bei yake ya viza ya siku 30, ya kuingia mara moja, ilikuwa dola 52. Bei hizi hubadilika, kwa hiyo asomaye leo asiishike hiyo. Aisome ile atakayoikuta katika anwani ya serikali yenyewe.

Kijana wa kituo alitaka pia kuandika barua pepe yake mwenyewe katika fomu, ili kutusaidia, maana Baba hakuwa nayo. Tukakataa, tukaandika yetu. Tumewaona watu wakimtafuta kijana wa namna hiyo mtaa mzima, naye amehama, na jibu lao limelala katika sanduku asilolifungua mtu.

Picha ya Baba ilitakiwa iwe na nyuma nyeupe. Masista wakatuazima shuka, wakalitundika ukutani. Baba akasimama mbele yake amevaa koti la ndoa ya mwanawe, wala hakukubali kutabasamu. Ukurasa wa pasi ukapigwa picha. Pasi yapaswa kuwa na uhai wa miezi sita tangu siku ya kuingia. Zetu zilikuwa mpya. Tukafika mahali panapouliza kusudi la safari, nasi tukachagua neno utalii.

"Mimi si mtalii," akasema Baba Katekista. "Mimi ni mhujaji."

Tukamweleza kwamba katika orodha ile hakuna neno mhujaji, na kwamba mtu aendaye kuona makanisa na kurudi kwake, asiyefanya kazi wala biashara huko, kwa sheria yao ni mtalii. Alifikiri kitambo, akasema: "Haya. Lakini Mungu anajua."

Lililotukalisha muda mrefu kuliko yote ni majina. Fomu ilikuwa na jina la ukoo na jina la kupewa, basi. Sisi Wakongo tuna matatu: jina, jina la pili ambalo kwa Kifaransa huitwa postnom, na jina la ubatizo. Vijana wengi hawajui mambo haya yalitoka wapi. Mwaka 1972 serikali ya Rais Mobutu ilikataza majina ya Kikristu, kila raia akatakiwa kujiita kwa majina ya mababu. Yeye mwenyewe aliyekuwa Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alishindana na serikali juu ya jambo hilo, na mwaka ule ule ikambidi kukaa Roma kwa miezi. Baadaye majina ya ubatizo yalirudi, walakini lile la pili halikuondoka, na hivi mtoto wa Kongo huyabeba yote. Baba Katekista alikuwa kijana wa miaka 22 jina lake la ubatizo lilipofutwa katika kitambulisho. Aliliandika kwa penseli ndani ya kitabu chake cha sala, na mpaka leo lipo. Ndiyo maana alipotuona tukisitasita juu ya visanduku viwili, aliuliza kwa ukali kidogo: "Ni lipi mnalotaka kuliacha safari hii?"

Hatukuacha hata moja. Dawa yake i ndani ya pasi yenyewe. Chini ya ukurasa wa picha kuna mistari miwili ya herufi na tarakimu, kila mmoja wenye nafasi 44, ambayo husomwa na mashini. Pasi zote za dunia zimewekewa mistari hiyo kwa kanuni moja. Katika mstari wa kwanza, baada ya herufi za nchi, huja jina la ukoo, halafu alama mbili << zinazofanana na vichwa vya mishale, halafu majina ya kupewa. Yaliyotangulia mishale, uyaweke yote katika kisanduku cha ukoo. Yanayoifuata, yote katika kisanduku cha pili. Usiandike kama uitwavyo nyumbani, wala kama ilivyo katika cheti cha ubatizo. Andika kama mistari ile isemavyo.

Hayo tuliyafanya vema. Umeme ulikatika mara moja, fomu nzima ikapotea, tukaanza upya. Mpwa wa mwalimu wa hesabu, mwenye kadi ya banki, akatulipia, nasi tukamrudishia fedha mkononi. Alhamisi tarehe 2 Agosti majibu matatu yakaja: tumekubaliwa sote. Baba alipiga magoti pale pale nje ya kituo, katikati ya wauza mihogo.

Tulikuwa tuondoke Jumamosi tarehe 18. Jumapili tarehe 12, jioni, sisi walimu wawili tulikaa kupanga karatasi katika bahasha. Mwalimu wa hesabu hupenda kuchezea tarakimu kama mtoto achezeavyo mawe, akaanza kutuonyesha siri ya mstari wa pili wa pasi. Nafasi tisa za kwanza ni za namba ya pasi, na ya kumi ni tarakimu ya ulinzi. Hupatikana hivi: alama ya kwanza yazidishwa kwa 7, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, kisha tena 7, 3, 1, mpaka mwisho. Herufi nazo zina thamani, A ni 10, B ni 11, na kuendelea. Jumla yagawanywa kwa 10, na kinachobaki ndicho kinachoandikwa mahali pa kumi. Akahesabu namba yake kama ilivyochapishwa katika viza: sawasawa na pasi. Akahesabu yetu: sawasawa. Akahesabu ya Baba Katekista: haikulingana.

Akarudia. Haikulingana. Akaisogeza taa, akaweka kidole juu ya alama ya kwanza. Namba ya pasi ya Baba ilianza na herufi O. Katika viza ilianza na sifuri. Herufi O ni 24, mara 7 ni 168, inabaki 8. Sifuri mara 7 ni sifuri. Hesabu ilikuwa imeona kile ambacho macho yetu hayakukiona. Na vidole vilivyoandika sifuri ile, baada ya umeme kurudi, wakati tulipokuwa na haraka, vilikuwa vyetu sisi tuandikao.

Mwenzetu alikunja karatasi, akasema: "Kosa ni la mkono wako, Mwalimu. Na kinywa kiwe chako." Akaenda kulala.

Hatutaficha mawazo ya usiku ule. Tulisema moyoni: ni duara tu, nani atatofautisha duara na duara? Tulisema: mzee amekwisha kuwaaga watu, atakufa kwa huzuni. Tulihesabu pia dola 52 nyingine, ambazo kwa mwalimu si fedha ndogo. Na barua ya Ethiopia ilisema wazi kwamba aliyekosea haongezewi mstari wala harudishiwi malipo, aombe upya. Mfuko wa Baba ulikuwa umebaki na fedha ya chakula na ya kulala tu, na kumwomba tena mama wa soko anunue herufi moja, tungesemaje? Karibu na alfajiri tuliwaza jambo baya kuliko yote, yaani kunyamaza, ili likitokea tatizo huko Bole ionekane kuwa ni la mashini.

Kabla ya Misa ya asubuhi tukaenda kubisha kwake. Alikuwa akinawa uso uani. Tukamwambia yote, tukamwonyesha O na sifuri. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu, akiisogeza mbali na macho kama wazee wafanyavyo.

"Kwa hiyo," akasema, "huyu aliyekubaliwa si mimi."

"Si wewe, Baba."

Akaingia ndani, akatoka na kikopo cha maziwa alimotia akiba yake. Tukamshika mkono, tukamwambia malipo ni yetu. Hakubishana. Alikirudisha kikopo, akaja kusimama karibu nasi. "Lipa, Mwalimu, ni haki. Lakini kuhusu usiku huu, umeubeba bure. Mlango wangu ulikuwa wazi."

Jumatatu ile tukaomba upya. Safari hii mwalimu wa hesabu aliisoma namba kwa sauti, herufi moja moja, sisi tukaandika, na Baba mwenyewe akafuata kwa kidole katika pasi. Walisema jibu huchukua siku tatu za kazi. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Jumatano ilikuwa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria, na Baba aliongoza nyimbo kama kawaida, huku watu wakimpongeza kwa safari ambayo hawakujua kwamba inaning'inia kwa uzi. Hakumwambia mtu hata mmoja sababu. Alhamisi jioni hapakuwa na kitu. Ijumaa asubuhi hapakuwa na kitu. Ijumaa saa tisa alasiri jibu likaja, nao umeme wa mtaa mzima umekatika. Tukaenda kuchapisha karatasi parokiani, kwa mashini inayotumia mwanga wa jua. Baba aliisoma namba, akatazama pasi, akasoma tena. "O," akasema.

Tukafika Addis Ababa Jumamosi. Wakati ule mwenye viza ya namna hii aliruhusiwa kuingia kwa mlango mmoja tu, uwanja wa ndege wa Bole. Tulipimwa joto la mwili, kwa kuwa Ebola ilikuwa imetangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti, na pasi ya Kongo ilitosha kumfanya mtu atazamwe mara mbili. Tukaonyesha na kadi za manjano za chanjo ya homa ya manjano. Kisha tukasimama katika mstari. Afisa aliyetupokea alikuwa binti kijana mwenye shela jeupe mabegani. Aliichukua karatasi ya Baba, akaweka ncha ya kalamu juu ya namba, akaisogeza alama kwa alama, akilinganisha na kioo cha mashini yake. Juu ya alama ya kwanza kalamu ilisimama. Sisi tulikuwa hatupumui.

Ikaendelea. Mwalimu wa hesabu, ajuaye Kiingereza, akatutafsiria alichouliza: katika majina haya marefu, mzee aitwe nani? Baba akajibu kwa jina lake la ubatizo. Binti akacheka, akasema kwamba yeye naye husumbuliwa na fomu za wageni, kwani Waethiopia hawana jina la ukoo. Mtu ana jina lake, kisha la baba yake, kisha la babu yake, basi. Akagonga muhuri. Baba alimwombea baraka kwa Kiswahili, naye akainamisha kichwa kana kwamba ameelewa.

Addis Ababa hatukuiona sana. Jambo moja lilimfurahisha Baba kupita majumba yote: watu wa nchi ile huhesabu saa kama sisi, tangu mapambazuko. Mwenye nyumba ya wageni alipotuambia gari litakuja saa kumi na moja, mwalimu wa hesabu alikwenda kuuliza kama ni usiku. Baba alikuwa amekwisha kufahamu, akaamka alfajiri, akamkuta dereva mlangoni. Lakini katika tiketi za ndege saa ni za Kizungu, na mgeni asipoangalia atapotea. Miaka nayo ni mingine: kwa hesabu yao tulikuwa katika mwaka 2010, na Baba akasema amerudishiwa miaka minane ya nguvu zake.

Lalibela iko kaskazini, katika milima, mita kama 2500 juu ya bahari. Ndege ndogo hufika kwa muda wa saa moja hivi. Ulikuwa majira ya mvua, milima yote ya kijani, udongo mwekundu kama wa kwetu. Makanisa ni 11. Yalichongwa karibu na mwaka 1200, kwa amri ya Mfalme Lalibela wa ukoo wa Zagwe, kama mapokeo ya nchi yasemavyo; na wenyeji husimulia kwamba mchana walichonga watu, usiku wakachonga malaika. Mwaka 1978 UNESCO iliyaandika katika orodha ya urithi wa dunia. Padri Mreno Francisco Álvares, aliyeyaona katika miaka ya 1520, aliandika kwamba aliogopa kueleza zaidi asije akadhaniwa mwongo. Twamwelewa.

Fikiri, msomaji, unatembea juu ya mwamba ulio sawa, mara mbele ya miguu yako ardhi yakatika, na chini, ndani ya shimo refu lenye kuta wima, limesimama kanisa zima, paa lake likiwa sawa na nyayo zako. Hilo ndilo la Mtakatifu Jorji. Umbo lake ni msalaba, na juu ya paa imechongwa misalaba mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Hapana jiwe lililoletwa, wala lililojengwa juu ya jingine. Walianza juu, wakaondoa kila kisichokuwa kanisa. Dirisha likikosewa, halirudi.

Baba Katekista alisimama ukingoni, mvua ikimnyeshea, nasi tukamshika koti asiteleze. Hakusema kitu kwa muda ambao hatukuupima. Hatimaye akageuka. "Hapa, Mwalimu," akasema, "O na sifuri ungeangalia vizuri."

Jumatano tarehe 22 Agosti Waethiopia waliadhimisha sikukuu ile ile tuliyoiadhimisha Lubumbashi wiki moja nyuma, Kupalizwa kwa Mama wa Mungu, baada ya kufunga siku 15. Mahujaji walikuwa wamekuja kwa miguu, wengine siku nyingi, wamejifunga nguo nyeupe, wamelala katika matope kando ya kuta. Usiku kucha waimbaji wa kanisa walisimama safu mbili, na fimbo zao ndefu na kayamba za chuma, wakienda mbele na kurudi nyuma kwa mdundo wa ngoma kubwa. Sisi, tulio na Misa yetu ya ibada ya Zaire iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, hatukushangazwa na ngoma mbele ya altare; tulishangazwa na upole wake. Hatukuijongea Komunyo yao, kwa kuwa umoja wetu nao haujatimia. Tulisali Rozari yetu kando, karibu na mlango, na mama mmoja mzee akatusogezea kipande cha mkeka wake. Hakuwa na haja ya kujua majina yetu.

Tulirudi salama. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Ethiopia iliwaruhusu Waafrika wote kupewa viza hapo hapo Bole. Mwalimu wa hesabu alituletea habari hiyo akicheka, akihesabu tulichokilipa bure. Hatuwezi kumwambia msomaji kwamba njia ya Lalibela i shwari tangu hapo. Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulifunga mipaka, na mwezi wa Novemba vita vikaanza kule Tigre. Mwaka 2021 mji wa Lalibela ulitekwa, ukaachwa, ukatekwa tena. Na tangu Agosti 2023 mapigano mengine yametokea katika jimbo lake la Amhara. Atakayependa kwenda aulize kwanza juu ya amani ya njia, ndipo aulize juu ya viza.

Katika mwezi ule wa Agosti 2021, redio ilipotangaza kwamba mji umeshikwa, Baba Katekista alikuja kwetu usiku na kitabu chake cha sala. Ndani yake, pale lilipoandikwa jina kwa penseli, alikuwa amehifadhi karatasi zote mbili za viza, ile ya O na ile ya sifuri. Nyuma ya ile ya sifuri kijana aliyetuongoza Lalibela alikuwa ametuandikia barua pepe yake. Tukamwandikia, kwa Kiingereza cha mwalimu wa hesabu, tukiuliza kama yu hai, na kama mama wa mkeka amesikika. Miezi mingi hapakuwa na jibu. Likaja baada ya Noeli yao ya mwaka 2022: makanisa yamesimama, yeye yu hai, ndugu yake mmoja hayupo tena, mama wa mkeka hamjui kati ya mama wengi, na mzee wa Kongo aombewe afya njema.

Tukamsomea Baba barua ile mara mbili. Jina lake lilikuwa limeandikwa pamoja na kosa la herufi moja, nasi tukasema tutamwandikia kijana alisahihishe.

"Liacheni," akasema Baba. "Nimejitambua."